Kutundika TV bapa ukutani: ukuta kwanza, breketi baadaye

TV ikianguka kutoka ukutani, lawama huenda kwa breketi, na mara nyingi breketi haina kosa. Kinachoachia ni ukuta. Fisha, yaani ile plagi inayozamishwa ukutani ili skrubu ipate pa kushika, imezunguka ndani ya tundu lililojaa vumbi, au skrubu imeshika lipu bila kufika kwenye tofali, au tofali lenyewe lilifyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kunyunyiza. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani kuchagua breketi, jua kwanza ukuta wako umejengwa kwa kitu gani. Kuna zaidi ya TV ya kuokoa hapa: chini ya TV ndipo watoto wanapokaa kutazama katuni.

Usome ukuta

Gonga kwa ngumi. Tofali lililojaa hutoa sauti fupi na nzito. Tofali lenye uwazi ndani hutoa mwangwi kidogo. Jipsamu hulia kama ngoma. Baada ya hapo toboa kitundu kimoja cha majaribio kwa biti ya mm 6, mahali ambapo TV itakifunika, na uangalie vumbi linalotoka. Sentimita 1.5 hadi 2.5 za mwanzo ni lipu, unga laini. Zaidi ya hapo, vumbi la kijivu lenye chenga huku biti ikihitaji kusukumwa ni dalili ya tofali zuri la saruji. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma. Biti ikizama kama imeingia kwenye kichuguu cha mchanga, tofali ni dhaifu au umepiga kwenye kiungio cha udongo wa saruji kati ya tofali na tofali. Sogea sm 5 ujaribu tena. Biti ikiruka mbele ghafla, umefika kwenye uwazi. Ikigoma kabisa na kutoa vipande vinavyong'aa, hiyo ni nondo ya nguzo. Usishindane nayo, hamisha tundu.

Tofali lililojaa la saruji, tofali zuri la kuchoma na mawe ya kuchonga kama yanayojengewa sana Nairobi hubeba TV yoyote ya nyumbani kwa fisha za plastiki. Tumia fisha ya mm 10 na skrubu ya mm 7 au 8, nne kwa uchache. Kwa TV ya inchi 55 kwenda juu, weka sita.

Tofali lenye uwazi lina kuta nyembamba, pengine sm 3 tu. Bolti za chuma zinazopanuka, ambazo ni nzuri sana kwenye zege, hapa hupasua tofali. Njia ya uhakika na isiyo ghali ni ubao. Chukua mbao ngumu, mninga au mkongo, yenye unene wa sm 2.5 na upana unaozidi breketi kwa sm 20 kila upande. Ifunge ukutani kwa skrubu nane zilizotawanyika kwenye tofali tofauti, kisha funga breketi kwenye ubao. Uzito unagawanyika, na hakuna tofali moja linalobeba mzigo wote. Ubao ukipakwa rangi ya ukuta, TV huufunika wote.

Jipsamu yenyewe haibebi TV. Siku hizi sebule nyingi zina ukuta wa mapambo wa jipsamu wenye taa za LED nyuma ya TV, na hapo ndipo makosa mabaya zaidi hutokea: fundi wa jipsamu anamaliza, anaondoka, halafu fundi wa TV anafunga breketi kwenye bodi ya mm 12 iliyosimama sm 10 mbele ya tofali. Bodi huanza kupinda baada ya wiki chache, na ufa hutokea juu ya breketi. Mwambie fundi wa jipsamu mapema aweke mbao za inchi 2 kwa 4 zilizofungwa kwenye tofali nyuma ya sehemu ya TV kabla hajafunga bodi. Piga picha ya mbao hizo pamoja na futi ikionyesha vipimo, maana bodi ikishafungwa hutaziona tena. Kama ukuta umeshafungwa, tafuta fremu kwa sumaku ndogo: hunasa kwenye vichwa vya skrubu za bodi, na safu ya skrubu hizo ndiyo fremu. Fremu nyembamba ya bati inatosha kwa TV ya inchi 32 yenye breketi bapa, si zaidi.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta ni mnene, lakini laini. Zima nyundo ya drili, toboa sm 12 hadi 15 kwenda ndani, na badala ya fisha tumia nondo yenye hesi ya mm 8 iliyogandishwa kwa gundi maalumu ya ukutani, ile ya kusindikwa kwa bunduki. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe kabla ya kuigusa. Na waya usichimbiwe mfereji kwenye kuta hizo. Mfuniko wa plastiki wa juu ya ukuta unatosha.

Ukuta wa miti na udongo usiutoboe. Nunua stendi yenye miguu, au weka TV juu ya kabati pana na zito, kisha uifunge TV kwa mkanda nyuma ya kabati ili mtoto akiivuta isimwangukie.

Mahali

Epuka ukuta unaotazamana na dirisha na ukuta wenye dirisha. Ule ulio pembeni mwa dirisha ndio bora. Kuna jaribio jepesi ambalo watu wengi hawalifanyi. Saa kumi jioni, jua linapoingia kwa upande wa magharibi, mwambie mtu ashike kioo cha kujitazamia mahali TV itakapokaa, wewe kaa kwenye kochi unalokaa siku zote. Ukiliona dirisha ndani ya kioo, utaliona ndani ya TV kila siku saa hiyo.

Usiweke TV chini ya kiyoyozi. Bomba lake la maji likiziba, maji hushuka ukutani na kuingia nyuma ya TV. Usiiweke kwenye ukuta wa nje unaolowa mvua za masika na kuacha madoa ya unyevu kwenye rangi, wala kwenye ukuta ambao nyuma yake kuna bafu, kwa unyevu na kwa mabomba. Pwani, hewa ya chumvi hula skrubu za kawaida. Tafuta zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu.

Kuhusu urefu, kosa lililoenea kuliko yote ni kuitundika juu mno, sambamba na juu ya mlango, kama ilivyo hotelini na kwenye baa. Kule watu wanatazama wakiwa wamesimama au wako mbali. Nyumbani umekaa. Macho ya mtu mzima aliye kwenye kochi huwa kati ya sm 95 na 110 kutoka sakafuni. Pima ya kwako ukiwa umeegemea, si umekaa wima kama uko kwenye usaili. Katikati ya TV pawe hapo, au juu zaidi kwa sm 10 tu. Shingo ikiinuliwa kwa saa mbili za mpira, utaisikia kesho yake. Tena TV nyingi za LCD za bei nafuu hupoteza rangi zikitazamwa kutoka chini: nyeusi hugeuka kijivu.

Kwa vipimo halisi, TV ya inchi 32 ina upana wa karibu sm 71 na kimo cha sm 40. Ya 43 ni sm 95 kwa 54. Ya 55 ni sm 122 kwa 68. Ya 65 ni sm 144 kwa 81. Ongeza sentimita moja au mbili za fremu. Kwa hiyo TV ya 43 ambayo katikati yake ni sm 110 itakuwa na ukingo wa chini kwenye sm 83. Ya 55, kwenye sm 76. Kama una mtoto anayeanza kutembea au kabati refu chini yake na ni lazima upandishe, pandisha, lakini nunua breketi inayoinama na uielekeze chini nyuzi 10 hivi.

Umbali wa kukaa usikusumbue sana: mara moja na nusu ya ulalo wa TV ni mwanzo mzuri. Ya 43 ni mita 1.6 hadi 1.8, ya 55 ni kama mita 2.1 hadi 2.3. Sebule ya mita nne yenye TV ya inchi 32 ndiyo inayofanya watu wasisome matokeo pembeni mwa kioo.

Kata boksi la TV au magazeti kwa vipimo hivyo, bandika ukutani kwa selotepu, na uyaache jioni mbili. Kusogeza gazeti hakugharimu kitu.

Breketi

Nyuma ya TV kuna matundu manne. Pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kwa mlalo kisha kwa wima. Hicho ndicho kipimo cha VESA: 200 kwa 200 maana yake mm 200 kila upande, 400 kwa 200 ni mm 400 kwa mlalo. Nenda dukani na namba hiyo, pamoja na uzito wa TV ulioandikwa kwenye kibandiko au kitabu chake.

Breketi ni za namna tatu: bapa isiyosogea, inayoinama, na yenye mkono wa kuvuta na kuzungusha. Tofauti yake kubwa iko kwenye nguvu inayovuta skrubu. Chukua TV ya kilo 15. Ikiwa kwenye breketi bapa, sm 4 kutoka ukutani, na skrubu za juu ziko sm 20 juu ya zile za chini, skrubu za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kilo 3 tu. Weka TV hiyohiyo kwenye mkono ulionyooka sm 45 na skrubu hizohizo zinavutwa kwa karibu kilo 34, kabla mtoto hajaning'inia. Ndiyo maana ukuta uliobeba breketi bapa miaka mitano unaweza kuachia mkono ndani ya mwezi. Nunua wa mkono kama kweli unahitaji kugeuza TV kuelekea meza ya chakula, na uufunge kwenye tofali lililojaa tu.

Pima pia kina cha matundu ya TV. Chomeka mrija wa soda, weka alama, toa, pima. Bolti, za M6 au M8 kwa TV nyingi, iingie bila kugusa mwisho. Ikiwa ndefu, usiilazimishe: itasukuma sehemu za ndani na kuharibu bodi au kioo. Ongeza washa au vibomba vya plastiki vinavyokuja na breketi.

Umeme na waya

Waya wa umeme ndani ya ukuta kwa kawaida hupita wima au mlalo kutoka kwenye soketi na swichi. Usitoboe juu, chini wala pembeni mwa soketi kwenye mstari ulionyooka. Zima saketi za chumba hicho na uvute umeme wa drili kutoka chumba kingine. Kama nyumba nzima iko kwenye saketi moja, azima drili ya betri na uzime swichi kuu.

Jambo linalosahaulika ni ile kinga ya umeme, TV gadi. Ikichomekwa kwenye soketi hutokeza sentimita kadhaa, kwa hiyo haikai nyuma ya TV iliyobanwa ukutani. Watu huigundua mwishoni, wakaiondoa, na umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika hakuna kinachoizuia. Iweke chini, nyuma ya kabati, kwenye soketi ambayo mkono unafika, halafu pandisha umeme kwenda kwenye soketi ndogo nyuma ya TV. Mkono kufika ni muhimu hasa kwa wanaoishi ukanda wa Ziwa Victoria, ambako radi ni za mara kwa mara: mvua ya radi ikikaribia unatakiwa kuchomoa umeme na waya wa antena ndani ya dakika moja, si kuanza kushusha TV.

Waya laini wa TV usiufukie kwenye lipu. Umeme wa ukutani upite kwenye paipu yake, ufanywe na fundi umeme. Waya za king'amuzi na HDMI zipite kwenye paipu nyingine, mbali na ya umeme, na hapa paipu ya kawaida ya umeme ya mm 20 haifai: kichwa cha HDMI hakipiti. Weka ya PVC ya inchi 1½ au 2, kona zake ziwe za mlazo wa nyuzi 45, na ndani yake uache kamba ya nailoni ili siku ya kubadilisha waya uivutie. Mdomo wa paipu uzibe kwa sponji. Mijusi na sisimizi hupenda joto la nyuma ya TV, na mjusi mmoja akilala juu ya bodi ya umeme anatosha kuiunguza.

Kutoboa na kufunga

Unahitaji drili yenye nyundo, biti za ukutani za mm 6 na 10, pima maji, futi, penseli, spana au racheti, miwani ya kinga na mtu wa pili.

Kokotoa urefu wa matundu kabla ya kushika drili. Funga mikono ya breketi, zile pau mbili za wima, kwenye TV, pima kutoka ukingo wa chini wa TV hadi mahali kulabu inaposhika. Tuseme ni sm 38. Kwenye bamba la ukutani pima kutoka ukingo wa kushikia kushuka hadi mstari wa matundu ya juu, tuseme sm 3. Unataka ukingo wa chini wa TV uwe sm 83 kutoka sakafuni. Basi matundu ya juu yatakuwa 83 + 38 − 3, yaani sm 118. Weka alama moja, kisha tumia pima maji kupata nyingine. Usipime mara mbili kutoka sakafuni wala kutoka darini. Sakafu nyingi zina mteremko.

Anza na mm 6 bila nyundo mpaka uvuke lipu, kisha washa nyundo kama tofali limejaa. Panua kwa mm 10. Zungushia biti selotepu kuonyesha kina: urefu wa fisha, unene wa lipu, na sentimita moja ya ziada ya vumbi. Fisha ya mm 60 kwenye lipu ya mm 20 inataka tundu la mm 90. Fisha isiishie usawa wa lipu. Isukume mpaka yote iwe ndani ya tofali, ndiyo maana skrubu iwe mm 80 hadi 90. Zile fupi zinazokuja ndani ya boksi la breketi mara nyingi hazitoshi kwa lipu zetu. Ziache, nunua ndefu.

Safisha tundu. Pampu ya baiskeli yenye mrija mwembamba inafanya kazi vizuri. Usipulize kwa mdomo ukiwa umeinamia. Vumbi lililobaki hufanya kazi ya grisi: fisha inaingia vizuri, skrubu inakaza kidogo, halafu vyote vinazunguka pamoja. Ikitokea hivyo, usijaze njiti za kiberiti. Panua tundu liwe mm 12 na uweke fisha ya 12, au ligandishe kwa gundi ya ukutani, au hama sm 5.

Kaza skrubu zote nusu, hakikisha kwa pima maji, kisha maliza. Skrubu nzuri huwa ngumu zaidi kila mzunguko. Inayokuwa ngumu halafu ikalegea imeshaharibu tundu lake.

Sasa jaribu ukuta kabla ya TV. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na ushee. Litundike kwa kamba kwenye bamba, liache saa nzima, halafu pitisha karatasi nyembamba kati ya bamba na ukuta. Ikiingia mahali ambapo haikuingia mwanzo, bamba limesogea. TV inayozidi kilo 12 ijaribiwe kwa madumu mawili. Kwa breketi ya mkono, nyoosha mkono na utundike mwisho wake, lakini usizidi uzito ulioandikwa kwenye breketi.

Unapofunga mikono nyuma ya TV, ilaze kifudifudi juu ya meza iliyotandikwa blanketi, si juu ya godoro linalobonyea. Kioo kikubwa kikipinda hupasuka bila kelele, na utajua ukiwasha. Kuinua ni kazi ya watu wawili, kila mmoja akishika juu na chini pembeni, vidole visibonyeze kioo. Kulabu za juu zinase kwanza, zote mbili. Mmoja aendelee kubeba huku mwingine akichungulia pembeni kuhakikisha. Kisha shusha sehemu ya chini mpaka ibane, na ufunge skrubu au kamba za usalama. Ukiruka hizi za mwisho, TV hutoka siku mtu atakapoisukuma juu akifuta vumbi.

Usizibe nafasi inayobaki nyuma, na acha sm 10 juu ili joto litoke. Baada ya mwezi mmoja kagua skrubu kwa spana, kisha mara moja kwa mwaka. Kwa breketi ya mkono, kila miezi mitatu.

Mpangaji amwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa. Siku ya kuhama, ingiza skrubu nusu kwenye fisha na uivute kwa koleo, itatoka nzima. Loanisha tundu, jaza saruji nyeupe, subiri ikauke na kunywea, jaza mara ya pili, piga msasa, paka rangi. Bolti za TV zitie kwenye kifuko na ukibandike nyuma ya breketi, maana kwenye nyumba mpya ndizo za kwanza kutafutwa.